Kodi ya Ng'ombe Asiyekuwepo

Jumatano, Agosti 1998.
Shinyanga mjini, benchi la posta. Saa tano asubuhi.

Upepo wa leo hauna adabu. Tangu alfajiri unazoa vumbi la barabarani na kulileta mdomoni. Jua limeshapanda lakini mimi bado nasikia baridi. Naandika nyuma ya daftari la hesabu la mwanangu Doto, kwa sababu nisipoandika nitalia, na kulia posta mbele ya watu wanaonunua stempu sitaki.

Kifurushi kimefika. Nimekiona kwa macho yangu. Kiko nyuma ya dirisha, kisanduku kilichofungwa kwa karatasi ya kaki na uzi wa katani, jina langu juu yake kwa mwandiko mzuri. Kati yangu na kisanduku hicho yuko dada mmoja wa ushuru mwenye miwani, na upo uongo wangu.

Basi neno hilo nimeliandika. Sasa nieleze vizuri, maana hata mimi nikikaa kimya najichanganya.

Mimi napikia wachimbaji wa duara moja, yaani shimo moja la dhahabu, huko machimboni upande wa Geita. Wanaume kumi na watatu, zamani walikuwa kumi na wanne. Wa kumi na nne ni mume wangu, Baba Kulwa. Mwezi wa sita kamba ya kushukia shimoni ilikatika akiwa katikati, akaanguka na kuvunjika mfupa wa paja. Tangu siku hiyo amelazwa hospitali ya Kolandoto, mguu umening'inizwa kwa mawe, na kazi yake ni kuhesabu mbao za dari. Wenzake waliichukua ile kamba, wakaifunga fundo palipokatika, wakaendelea kushuka. Kamba mpya ni ghali, na mchimbaji ni mtu wa kusema kesho.

Duara letu lina sheria zake. Hazijaandikwa popote, lakini kila mtu anazijua kuliko Amri Kumi. Mawe yenye dhahabu yakitoka yanagawanywa kwa mifuko. Anayeshuka anapata mfuko mzima. Asiyeshuka, hata kama ameumia humo humo shimoni, anapata nusu. Ila akileta kifaa cha kulifaa duara zima, chenye thamani ya ng'ombe wawili, atahesabiwa kama anayeshuka mpaka apone. Ng'ombe wawili. Si mmoja na mbuzi, si mmoja na maneno matamu.

Nusu mfuko kwa mgonjwa mmoja na mapacha wawili wanaokula kama nzige! Nililala na hilo neno nusu siku nyingi mwezi ule.

Kifaa nilikijua bila kufikiri. Kila mtu machimboni anajua tunavyoibiwa. Wanunuzi wa dhahabu wengine hawana hata mzani, wanapima kwa njiti za kiberiti: njiti upande huu, dhahabu yako upande ule, na njiti zenyewe wamezilowesha ziwe nzito. Mzee Masanja, katibu wa duara letu, hutembea na kiberiti chake mfukoni siku zote, njiti kavu, ili akatae za kwao. Mzani wetu ndio huo, kiberiti cha mzee. Nikasema tukipata mzani wa kweli hakuna atakayetuchezea tena, na Baba Kulwa atakula mfuko mzima akiwa kitandani.

Nesi mmoja wa Kolandoto alinionyesha kitabu cha wauzaji kutoka Nairobi. Kitabu kinene, kila muuzaji ana ukurasa wake na picha za vitu vyake: saa, redio, cherehani, miwani. Unachagua, unatuma hundi ya benki, kitu kinakuja kwa posta. Muuzaji humuoni, duka lake hulioni. Ukurasa wa arobaini na moja ulikuwa na mzani mdogo wa dhahabu, wa sahani mbili, na vipimo vyake vya shaba. Chini ya picha imeandikwa kwamba bei ni pamoja na gharama zote. Gharama zote! Niliamini kama mtoto anavyoamini pipi.

Bei yake ilikuwa ng'ombe mmoja. Nilimuuza ng'ombe wangu wa maziwa, aliyekuwa kwa kaka yangu, kijijini Didia.

Mmoja tu.

Nikaongeza mistari miwili kwenye barua ya kuagiza. Nilimwomba yule bwana wa ukurasa wa arobaini na moja aandike kwenye karatasi ya bei mara mbili ya fedha niliyotuma. Akajibu kwamba hakuna shida, mama, yeye yupo kuwasaidia wateja. Barua yake ninayo hapa mkobani, nimeikunja mara nne na bado naiona kubwa.

Sikuona kama naiba. Nilijiambia kwamba ng'ombe wa pili ni mguu wa mume wangu. Mguu uliovunjika kwa kamba yao, nani ameupima thamani? Nikajijibu mwenyewe na kujipa haki mwenyewe, hakimu na mshitakiwa wote tunavaa khanga moja.

Nilichosahau ni kwamba karatasi ya bei haisomwi na katibu wa duara peke yake. Serikali nayo inajua kusoma.

Kadi ya posta ilichelewa sana kutufikia machimboni. Ofisa wa ushuru huja dirisha la vifurushi Jumatano tu, na kadi imesema wazi: mzigo usipochukuliwa leo kabla ya saa tisa alasiri, kesho unarudishwa ulikotoka. Mzee Masanja akasema twende wote. Wenzake walimtuma mambo mawili. La kwanza, anunue kamba mpya, maana wamechangishana kwa ajili hiyo miezi miwili. La pili, aione karatasi ya bei kwa macho yake, akirudi aseme mbele ya wote kwamba kweli Mama Kulwa ameleta kifaa cha ng'ombe wawili.

Saa nne tulikuwa dirishani. Yule dada akafungua bahasha iliyobandikwa kwenye kisanduku, akasoma, akaandika, akabonyeza mashine yake ya hesabu. Kisha akanitajia kiasi. Nilicheka. Nilidhani ananitania, kama watu wa mjini wanavyotutania sisi wa machimboni kwa ajili ya viatu vyetu.

"Mama, mzigo umetoka nje ya nchi," akasema. "Kuna ushuru wa forodha. Halafu juu ya bei pamoja na huo ushuru kuna kodi ya ongezeko la thamani. Hii imeanza mwezi jana."

Nikamwambia kitabu kimesema gharama zote zimo.

"Zake yeye muuzaji. Za kwetu hazimo."

Hakusema kwa ubaya. Akatueleza kwamba zamani ilikuwepo kodi ya mauzo, sasa imeondolewa na hii ndiyo imekaa mahali pake. Mzee Masanja akatikisa kichwa. "Gashi!" akasema, ndiyo kumbe ya Kisukuma. "Hata kodi inarithiwa?" Dada akatabasamu kidogo, halafu akanitazama mimi juu ya miwani. Akaniuliza kama bei ya kweli ni hiyo iliyoandikwa.

Mzee alikuwa amesimama begani kwangu. Nilisikia harufu ya tumbaku yake.

Nikasema ndiyo, ni hiyo.

Kwa hiyo nimedanganya mara mbili, ya kwanza kwa kalamu na ya pili kwa mdomo. Na malipo nimeyapata papo hapo. Kodi ya ng'ombe wawili inakaribia ng'ombe mzima, na kwenye fundo la khanga yangu nina nusu ng'ombe na kidogo juu. Linaloniuma zaidi ni hili: kwa bei ya kweli, fundo langu lingetosha. Nimepiga hesabu mara tatu hapa chini ya hesabu za Doto. Lingetosha na nauli ikabaki. Serikali inanidai kodi ya ng'ombe ambaye hajawahi kuzaliwa, na siwezi kumkana, kwa sababu nimemzaa mimi.

Mzee Masanja ametoka. Amekwenda duka la kamba. Ameniambia nisitie hofu, njia ipo. Mtu mwema akisema njia ipo mimi ndipo naogopa.

Saa saba na nusu. Benchi lile lile.

Dirisha limefungwa kwa chakula cha mchana mpaka saa nane. Mzee amekwenda kula ugali nyuma ya soko. Amenialika, nimemwambia sina njaa, na kwa mara ya kwanza leo nimesema kweli.

Njia yake nimeijua.

Alirudi kutoka dukani, akaketi hapa kando yangu, akatoa kifurushi cha fedha kilichofungwa kwa mpira. Fedha ya kamba. Akasema mwenye duka, yule mama wa Kihindi anayeuza majembe na karabai, amebakiwa na kamba moja tu inayofaa, na asipoichukua leo ataiuza kwa wengine. Nyingine zitakuja baada ya mwezi, labda miwili. Lakini mzani ukirudishwa Nairobi kesho haurudi tena.

"Kamba ingoje," akasema. "Fundo limeshika miezi miwili, litashika na wa tatu. Tutoe mzani, Mama Kulwa. Wewe umetoa ng'ombe wawili, sisi tutashindwaje kutoa kamba?"

Nilishindwa kumtazama. Nikamwambia wabeja, asante ya kwetu, kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua, naye akaona ni haya ya shukrani. Akanipigapiga mkononi kama binti yake.

Lile fundo nalijua. Kila asubuhi nikipeleka chai naliona. Ni kubwa kama ngumi ya mtoto, limekuwa jeusi kwa mafuta ya mikono, maana kila anayeshuka hulishika kwanza kama anayemsalimia mtu. Wiki iliyopita niliona nyuzi mbili zimechomoka pembeni. Niliziona nikanyamaza, kwa sababu mambo ya shimo si ya mpishi.

Na anayeshuka wa kwanza kila asubuhi ni Mzee Masanja. Kwetu ndiyo heshima ya katibu, yeye hutangulia na wengine hufuata.

Nafikiri nini hapa? Mbona najifanya kama kuna la kufikiri?

Lipo. Niwe mkweli, daftari hili si la mchungaji. Kwetu mtu akiwadanganya wenzake kwenye mgao hapigwi wala hapelekwi polisi. Anatengwa. Hasalimiwi, haulizwi habari, watoto wake hawachezi na wenzao, na hakuna mtu anayekuja jikoni kwake kuomba moto. Hilo la moto ndilo kubwa. Ukiona siku nzima imepita hakuna aliyekuja kuomba kaa la moto, ujue wamekwisha kukuzika. Nilipokuwa msichana Didia nilimwona mama mmoja aliyetengwa kwa ajili ya pamba ya jirani. Tulipita mbele ya nyumba yake kwenda kisimani na tulifundishwa kutazama upande mwingine. Nakumbuka moshi wa jiko lake, mwembamba, na yeye amesimama mlangoni akisubiri yeyote. Nami nilitazama upande mwingine. Nilikuwa hodari sana wa kutazama upande mwingine.

Mpishi aliyetengwa ana nini? Ana sufuria tu. Hata ile nusu mfuko ya Baba Kulwa sijui kama wataitoa kwa moyo. Nitawalisha nini wanangu?

Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Nitapata mfuko mzima, na mzani, na shukrani. Kamba itakuja baada ya mwezi. Fundo limeshika miezi miwili.

Hivyo ndivyo walivyosema wote kuhusu ile kamba mwezi wa tano. Imeshika mwaka mzima, walisema, itashika tu. Baba Kulwa naye alisema hivyo hivyo, akanywa chai yangu, akaenda kushuka.

Mzee anarudi. Anachokonoa meno kwa njiti ya kiberiti. Nafunga daftari.

Saa kumi na moja jioni. Kolandoto, kibaraza cha wodi ya wanaume.

Nimesema.

Nitaandika polepole, kwa sababu nataka nikumbuke ilivyokuwa, si nitakavyopenda iwe.

Dirisha lilifunguliwa saa nane na dakika kumi. Mzee Masanja akatangulia, akaweka fedha ya kamba kwenye ubao wa dirisha, akaanza kuondoa ule mpira. Yule dada akachukua kalamu kuandika stakabadhi. Nikaona ncha yake inagusa karatasi. Hapo mkono wangu ukatoka wenyewe na kuzifunika zile fedha, mkono wa mzee ukiwa chini yake.

"Dada, bei hiyo ni ya uongo," nikasema. "Mzani ni ng'ombe mmoja. Mimi ndiye niliyemwambia muuzaji aandike wawili."

Nilitumia neno ng'ombe! Mbele ya ofisa wa serikali! Akabaki ananitazama, ng'ombe gani tena. Ikabidi nieleze kwa shilingi, nikatoa barua ya muuzaji na kipande cha hundi, nikavisukuma chini ya kioo. Akaisoma ile barua kwa sauti, sijui kwa nini kwa sauti. Kila neno likamfikia mzee. Kwamba nimeandika mara mbili kama ulivyoomba, mama. Kwamba hakuna shida.

Sikugeuka. Nilisikia tu mzee akivuta fedha zake kutoka chini ya mkono wangu, taratibu, akizifunga tena mpira.

Yule dada akakasirika, na alikuwa na haki. Akasema watu hushusha bei wakwepe kodi, mimi ni wa kwanza kumwona anapandisha, lakini uongo ni uongo hata ukikimbilia upande wa juu. Akasema mzigo unaweza kuzuiwa. Akaingia ndani kupiga simu kwa mkubwa wake, akakaa huko. Saa ya ukutani ilikuwa inasogea kwenda saa tisa na mimi nimesimama pale na mzee nyuma yangu. Nilitamani aniseme. Anitukane hata kwa Kisukuma, mbele ya watu wa stempu.

Saa tisa kasoro robo dada akatoka. Kodi itapigwa kwa bei ya kweli, juu yake faini ya kusema uongo, na niandike maelezo kwa mkono wangu mwenyewe, na shahidi aweke sahihi. Nikaandika. Nikamsogezea mzee kalamu. Akaweka sahihi yake ile ndefu ya katibu, bila haraka, kama anavyofanya kwenye daftari la mgao.

Fundo la khanga lilitosha. Limebaki tupu kabisa, hata nauli ya kuja huku nimelipiwa, na aliyenilipia ni yeye, bila kunitazama. Alimpa kondakta fedha ya watu wawili akageukia dirishani.

Kabla ya hapo tulipita duka la kamba. Mimi nilibaki nje nimekumbatia kisanduku changu. Nilimwona kupitia mlangoni akiivuta ile kamba mpya urefu baada ya urefu, akiikagua kwa vidole, na yule mama mwenye duka akamngoja kwa subira. Alitoka nayo begani. Nikamwambia pole na kazi, Mzee. Hakuitikia.

Tangu posta mpaka Kolandoto hajaniitikia neno.

Baba Kulwa nilimweleza mimi mwenyewe, kabla mzee hajaingia wodini. Hakuwa anajua lolote, nilimwambia tu kwamba mzani unakuja na mambo yatakuwa mazuri. Alifumba macho muda mrefu nikadhani ni maumivu ya mguu. Halafu akaniuliza yule ng'ombe wa pili alikuwa wa rangi gani.

Nikacheka, halafu nikalia, nikafanya vyote viwili kwa pamoja mpaka mgonjwa wa kitanda cha jirani akageuka. Baba Kulwa akanishika mkono. Akasema yeye angekuwa amenyamaza. Sijui kama alisema kunifariji au kujilaumu, na sikumuuliza.

Mzee Masanja akaingia na kamba yake. Akamjulia hali mgonjwa, akampa ncha ya kamba aishike. Baba Kulwa akaivuta, akaikunja, akainusa, kama mtu anayenunua. Wakatazamana wale wanaume wawili. Kisha mzee akanyoosha kidole kuelekea kisanduku.

Tukaufungua mzani juu ya kistuli cha dawa. Ni mzuri. Ni mdogo kuliko nilivyofikiri, sahani zake kama vifuniko vya chupa, na ukiuachia unatikisika kidogo halafu unatulia katikati kabisa. Mzee akatoa kiberiti chake. Akachagua njiti mbili kavu, zile zile anazowapigania nazo wanunuzi miaka yote, akaweka moja sahani hii na moja sahani ile.

Mzani ukalala upande mmoja.

Akabadilisha njiti. Ukalala upande wa pili. Akajaribu nyingine, na nyingine, na hakuna mbili zilizolingana. Alikuwa ameinama na kofia yake mkononi.

"Miaka yote hiyo," akasema.

Hayo ndiyo maneno pekee aliyosema mle wodini, na hakuyasema kwangu. Akazirudisha njiti zake ndani ya kiberiti moja moja, akakitia mfukoni, akatoka.

Saa kumi na mbili jioni. Jiko la ndugu wa wagonjwa.

Jua linazama nyuma ya minyaa. Upepo umetulia ghafla, vumbi limelala. Ndugu wengine wameshapika wamekwenda. Nimeazima jiko la mkaa nimchemshie Baba Kulwa uji, na daftari liko magotini, na ukurasa huu una vidole vya masizi.

Kesho alfajiri tunapanda gari la kurudi machimboni. Nimeamua nisimwache mzee akaniseme. Atakapowaita wenzake kwa ajili ya kamba, nitasimama mbele yao mimi mwenyewe kabla ya chai, niuweke mzani chini, niweke na barua, nitaje ng'ombe mmoja. Wakitaka kugawa nusu, wagawe nusu. Wakitaka mpishi mwingine, sufuria ni zao. Nitaomba jambo moja tu, wasiwahusishe watoto. Nimeshayapanga maneno yangu mara nyingi na kila nikiyapanga yanakuwa machache.

Naogopa. Sitajidanganya na hilo pia. Naogopa kuliko nilivyoogopa siku waliyomtoa Baba Kulwa shimoni, kwa sababu siku ile kila mtu alikuja kwangu, na kesho sijui kama kuna atakayekuja. Namfikiria yule mama wa Didia na moshi wake mwembamba. Jina lake silikumbuki. Nadhani hatukuruhusiwa kulitaja, likapotea.

Nimeacha kuandika kidogo, sasa naendelea, maana kuna jambo limetokea hivi sasa na nataka liingie.

Nilikuwa napuliza mkaa. Nikasikia viatu vya mzee kwenye kokoto, navijua, kimoja kinaburuta. Sikuinua uso. Nilisubiri apite kwenda bombani. Viatu vikasimama mbele ya jiko langu na vikakaa hapo.

Nikainua uso. Alikuwa na sigara yake ya kusokota mdomoni, haijawashwa.

"Mama Kulwa," akasema. "Naomba moto."

Nikachukua koleo, nikachagua kaa zuri, nikaliinua. Akanishika kifundo cha mkono ili kaa litulie, akainama, akavuta mara mbili mpaka sigara ikashika. Akasema wabeja. Akaondoka zake akiburuta kiatu.

Kiberiti kilikuwa mfukoni mwa shati lake. Nilikiona.

Wamebaki kumi na wawili wa kuomba moto.